Karama, Okigbo na Dzombo Kizimbani

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor upande wa kaskazini wa kisiwa, hakikuanza kwa jina hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamii ya Mabohora walikubaliana kujenga taasisi ya kuwafundisha kazi za ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, na wanafunzi wa kwanza wakaingia madarasani mwaka 1951. Ilijulikana kama MIOME, kwa herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza. Baada ya uhuru ikageuzwa kuwa politekniki, na mwaka 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Miongoni mwa walioajiriwa pale siku za mwanzo alikuwamo kijana mzaliwa wa Mombasa ambaye alama zake za mtihani wa Cambridge hazikumwezesha kuendelea na masomo, akaishia kuwa karani. Katika sherehe moja ya Maulidi alitoa hotuba mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell, na hotuba hiyo ikamfungulia mlango wa kwenda kusoma Uingereza. Kijana huyo alikuwa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933, mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya.

Mazrui hukumbukwa kwa vitabu vyake vya siasa na kwa filamu za televisheni za mwaka 1986 zilizoeleza urithi wa aina tatu wa Afrika. Wachache hukumbuka kwamba aliandika pia riwaya, tena riwaya ya ajabu. The Trial of Christopher Okigbo ilitoka mwaka 1971 katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann. Mandhari yake ni ahera ya Waafrika, nchi wanakokwenda wafu wa bara hili na kuendelea kuishi, kubishana na kuhukumiana. Mshtakiwa ni mtu wa kweli: Christopher Okigbo, mshairi wa Nigeria aliyeuawa vitani mwaka 1967 akipigania Biafra. Kosa analoshtakiwa ni kuutanguliza Uigbo wake mbele ya ushairi wake, kwamba alikitupa kipaji kilichokuwa mali ya watu wote na kufa kama askari wa kabila moja. Wakili wa kumtetea ni Hamisi, kijana wa Kenya aliyefika ahera baada ya ajali ya gari. Wa kumshitaki ni Mghana, Kwame Apolo-Gyamfi. Wazee wa ahera wanasikiliza, na umati umejaa uwanjani. Wahakiki wengi waliisoma wakalalamika kwamba ni mjadala uliovishwa kanzu ya hadithi. Lalamiko hilo ni la haki, lakini nadhani linatufikisha karibu na jambo ambalo halijasemwa vya kutosha kuhusu hadithi za dunia za kubuni katika pwani hii.

Swali ni hili: kwa nini watu hawachoki kusoma habari za nchi ambazo hazipo, hasa nchi mbovu, zenye watawala wakatili na sheria zilizopinda? Jibu lililozoeleka ni kwamba hadithi hizi hutabiri. Mwandishi anaona mbele, sisi tunasoma ili tujue kinachotungoja, na baada ya miaka tunarudi kuhesabu yaliyotimia. Jibu hilo huenda likafaa kwa waandishi wa Kiingereza kama Wells au Orwell, ingawa hata kwao nina shaka nalo. Kwa fasihi ya Kiswahili halifai kabisa, kwa sababu karibu hakuna mwandishi wetu mkubwa wa dunia za kubuni aliyejishughulisha na kutabiri. Wanachofanya, mmoja baada ya mwingine, ni kufungua kesi. Wanaibuni dunia ili ipatikane mahakama ambayo haipo mjini, wanampandisha mtu kizimbani, kisha wanamwachia aseme mpaka amalize. Msomaji anavutwa na kile kiti kilichoachwa wazi kwa ajili yake, kiti cha hakimu.

Ushahidi wa kwanza ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, miaka 20 kabla ya riwaya ya Mazrui. Shaaban alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. (Karani mwingine! Labda si sadfa kwamba hadithi mbili kubwa za mahakama zilitungwa na watu walioanza maisha kwa kunakili maamuzi ya wakubwa.) Kusadikika ni nchi ya angani. Ina mfalme, ina mawaziri, ina baraza, na ina sheria chungu nzima. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na mshitaki wake ni Majivuno, waziri asiyetaka raia wajue sheria inavyokwenda. Kitabu kizima, tukiondoa utangulizi na mwisho, ni utetezi wa Karama. Anawakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote za dunia kutafuta yatakayoifaa nchi, wakarudi na maarifa, na wote wakatupwa gerezani. Hakuna vita katika kitabu hiki, hakuna mapenzi, wala fumbo la kufumbua. Kuna mtu mmoja anayesema na baraza linalolazimika kumsikiliza. Kwa vipimo vya kawaida vya hadithi kingepaswa kuchosha, lakini kimeendelea kusomwa kwa zaidi ya miaka 70.

Mtu atapinga hapa kwamba Shaaban aliiga. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1920 na 1930 Frederick Johnson na wenzake waliwaletea wasomaji wa Kiswahili Alfu Lela Ulela, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Safari za Gulliver, na nchi ya angani ya Kusadikika ina harufu ya visiwa vya Jonathan Swift. Sina ugomvi na hilo. Nchi ya kubuni ni chombo, na vyombo huazimwa bandarini tangu zamani. Ila Gulliver ni msafiri. Anafika, anatazama, anashangaa, anaondoka. Karama haendi popote. Yeye ni mwenyeji wa nchi mbovu, amesimama mbele ya wanaoiharibu, na anawaambia. Sehemu hiyo Shaaban hakuihitaji kutoka kwa Swift, kwa kuwa ilikuwa imeshajaa tele katika mazingira aliyokulia.

Mtoto wa pwani, kabla hajasoma hadithi yoyote ya kuchapishwa, amekwisha kusikia chuoni, yaani madrasa, habari za kesi kubwa kuliko zote. Amefundishwa kwamba iko siku wafu watafufuliwa, kila mtu atakabidhiwa kitabu chake kwa mkono wa kulia au wa kushoto, mizani itasimamishwa, na kinywa kitafungwa ili mikono na miguu itoe ushahidi. Hebu tuitazame picha hiyo kwa jicho la msomaji wa riwaya. Ni mahakama isiyoweza kuhongwa, kwa kuwa shahidi ni mkono wako mwenyewe. Washairi wa pwani waliishughulikia kwa karne nyingi, katika tenzi za Kiyama na za Miraji, na katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Huyu wa mwisho anatuonyesha mji uliokufa. Majumba yaliyong'aa kwa taa na yaliyopambwa kwa vyombo vya China sasa yanakaliwa na popo na ndege wa porini, na mabwana waliotembea kwa mikogo wamo kaburini. Anayeandika leo habari za mji ulioangamia atalazimika kuazima mafuriko au bomu. Sayyid Abdallah aliukuta mji wake ukiwa umeangamia tayari, na hakuutumia kutabiri. Aliusimamisha kuwa shahidi dhidi ya moyo wake mwenyewe, anaouhoji beti baada ya beti kama wakili amkatishavyo maneno mshtakiwa mkaidi.

Mombasa yenyewe iliyaweka mambo haya bega kwa bega. Ngome ya Yesu ilitumika kama gereza la kikoloni kutoka mwaka 1895 hadi 1958. Hatua chache kutoka langoni pake liko jengo la mahakama ya zamani, lililojengwa mwaka 1902, ambalo siku hizi ni ukumbi wa maonyesho, na karibu hapo ni makaburi ya ukoo wa Mazrui, ambako Ali alizikwa Oktoba 2014. Jela, mahakama na makaburi, vyote unaweza kuvizunguka kwa miguu kabla kahawa haijapoa kikombeni. Aliyelelewa katika nyumba ya kadhi, katika mji huo, akaja kuibuni ahera, nisingetarajia aweke ndani yake bustani na mito tu. Aliweka mawakili.

Pingamizi zito zaidi kuliko lile la kuiga linasema hivi: mahakama za kubuni zilikuwa barakoa tu. Waandishi waliogopa kukamatwa, wakawapeleka mawaziri angani na kuwapa majina ya tabia; ondoa udikteta, na haja ya barakoa itakwisha. Mombasa inao mfano unaoelekea kuliunga mkono wazo hilo. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mji wa Kale aliyekuwa na umri wa miaka 22, aliandika waraka wa chama cha upinzani cha KPU ulioitwa Kenya: Twendapi? Hakumbuni mfalme wala hakuipandisha Kenya angani. Aliitaja serikali kwa jina na kuiuliza inaipeleka wapi nchi. Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na gerezani akatunga kwa siri, juu ya karatasi za chooni, mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kwa hiyo, atasema mpinzani wangu, Shaaban alivaa barakoa akanusurika, Abdilatif akaivua akafungwa, na kisa kimekwisha.

Hakijakwisha, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba barakoa hizi hazikumficha mtu. Mwaka 1967 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha Orwell. Hadithi hiyo ya nguruwe wanaotawala shamba ilielekezwa kwa Urusi ya Stalin, lakini mwaka 1991 mchezo wa kuigiza uliotokana nayo ulipigwa marufuku Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi polisi walivyoagizwa kumsaka Matigari, mhusika wa riwaya yake ya mwaka 1986, wakidhani ni mtu anayezunguka nchini akiuliza maswali. Walipogundua ni mtu wa kitabuni, wakakikamata kitabu. Dola iliyofikia kuwinda mhusika haikuhitaji msaada wa kufasiriwa mafumbo. Ya pili ni tarehe. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, kilifutwa Desemba 1991. Kuanzia hapo magazeti yaliwataja mawaziri kwa majina na kuwachora vibonzo. Kama dunia za kubuni zingekuwa barakoa tupu, huu ndio ungekuwa wakati wa kuzitupa. Kilichotokea ni kinyume chake. Walenisi ya Katama Mkangi ilitoka 1995, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed 2001, Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila 2002 na Musaleo! yake 2004, kisha Dunia Yao ya Said Ahmed Mohamed 2006. Uhuru wa kusema ulipopanuka, nchi zisizokuwapo ziliongezeka.

Mkangi anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kesi ya kweli na ya kubuni zinakutana. Alikuwa mtu wa Kilifi na mhadhiri wa sosholojia, na aliwekwa kizuizini bila kesi mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, harakati ya siri ya upinzani, akatoka 1988. Neno lenye uzito ni bila kesi. Hakukuwa na kizimba, hakukuwa na shahidi wa kuhojiwa, hakukuwa na siku ya kujitetea. Ndipo akatunga riwaya ambamo Dzombo anahukumiwa na watawala wa nchi yake, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani afe. Chombo hakimuui. Kinamfikisha Walenisi, nchi ya watu walio sawa, na huko Dzombo anajifunza upya jinsi binadamu wanavyoweza kuishi, hadi utawala uliomhukumu ndio unaoonekana kuwa mshtakiwa. Ni Kusadikika iliyogeuzwa: kwa Shaaban nchi ya angani ndiyo mbovu, kwa Mkangi nchi ya angani ndiyo inayotoa kipimo. Mwaka 1997 Mkangi aligombea urais wa Kenya kwa tiketi ya chama kidogo na kupata kura chache mno. Wapiga kura hawakumtaka awe rais, wala sioni kwamba hilo linampunguzia kitu mwandishi.

Katika Babu Alipofufuka kesi inahamia chumbani. K ni mkubwa mwenye mali na cheo katika nchi inayofanana mno na tunazozijua, na babu yake aliyekwisha kufa anarudi kumchukua na kumzungusha, aone alichokitenda na aliowatenda. Kichwa cha kitabu kinakiri asili yake bila haya: kufufuka. Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1947, amechukua Kiyama cha chuoni na kukiwahisha, kije kumkuta kiongozi angali kazini. Ukikisoma baada ya Al-Inkishafi utaona ni mkondo mmoja, na kwamba hakuna haja ya kuuita uhalisiaajabu na kuutafutia mizizi Amerika Kusini kana kwamba hapa palikuwa jangwa.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo naliheshimu kuliko yote. Linasema kwamba vitabu hivi havipendwi, vinalazimishwa. Kijana wa Tudor husoma riwaya ya Kiswahili kwa kuwa ni setibuku, huichambua sura kwa sura, dhamira, maudhui, wahusika na mbinu za lugha, kisha baada ya mtihani huipeleka kwa muuza vitabu vya mitumba ikiwa imejaa mistari ya kalamu na maelezo ya pembeni. Kuna ukweli mchungu ndani ya maneno hayo. Soko la riwaya za Kiswahili nje ya shule ni dogo, wachapishaji wanalijua hilo, na baadhi ya vitabu nilivyovitaja havijawahi kuondoka mikononi mwa wanafunzi na walimu wao. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, za mwaka 1990 na 1991, ni nzito kiasi kwamba hata wasomi hawajaafikiana zinasema nini, na sitamdanganya msomaji kwamba zinasomwa na makuli wakati wa mapumziko. Bina-Adamu! nayo inamtembeza msomaji duniani kote kwa kasi inayomtaka awe na historia ya karne nzima kichwani.

Lakini mtihani hueleza kwa nini kitabu kinanunuliwa. Hauelezi kwa nini kinakumbukwa. Wanafunzi wamelazimishwa kusoma mambo mengi sana, na mengi yameyeyuka siku ya kukabidhi karatasi ya mwisho. Majivuno hakuyeyuka. Jina la Kusadikika limeingia katika magazeti na katika mazungumzo ya siasa. Likitajwa kwenye safu ya maoni, msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa anajua mara moja ni utawala wa aina gani unaosemwa, hata kama hakumbuki mjumbe yupi alikwenda kusini. Nguruwe wa Shamba la Wanyama nao wanaishi nje ya kitabu chao. Kinachobaki akilini ni muundo wa kesi: nani alishitaki, nani alinyamazishwa, nani alitoa hukumu akiwa yeye mwenyewe ni mwenye kosa. Huo ndio mtindo ambao watu wa mji huutumia kila siku barazani wakijadili mambo ya kaunti, na kitabu kinachoutumia hakimwombi msomaji ajifunze chochote kipya kabla ya kukiingia.

Tena serikali nazo hutunga. Ruwaza ya 2030 ya Kenya, iliyozinduliwa mwaka 2008, ni maelezo ya nchi ambayo haipo, yenye watu wenye afya, barabara safi na viwanda vinavyonguruma, na kwa maana hiyo ni jamaa wa Walenisi. Mwaka 2021 nyumba za zamani za Buxton, zilizo jirani na Tudor, zilibomolewa kupisha magorofa mapya, na mabishano ya nani atarudi na kwa bei gani yalifika mahakamani. Mitaa mingine ya zamani ya kaunti ilikuwamo katika mpango huohuo wa kujenga upya. Kabla tofali la kwanza halijawekwa, mabango yalikuwa yameshachora mji ujao: bustani, watoto waliovaa vizuri, magari yaliyopangwa kwa mistari. Nyuma ya mabango hayo, hori la Tudor lilibeba maji taka ya mji, na mikoko yake ilikuwa ingali inajikokota baada ya pigo la mvua za El Niño za 1997 na 1998 na shoka la wakata boriti. Sisemi mpango ule ni mbaya au mzuri. Nasema kwamba picha ya kesho inapotolewa na mwenye mamlaka pekee, kesi imesikilizwa upande mmoja. Hadithi ya dunia mbovu ni upande wa pili kupewa nafasi ya kusema.

Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009, inalionyesha hili bila maneno mengi. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na kila tone la jasho na la mkojo linasafishwa linywewe tena. Asha anapata udongo wenye uhai na kuomba ruhusa ya kutoka nje. Baraza linamkatalia kupitia skrini, kwa sababu msimamo rasmi ni kwamba nje hakuna uhai. Hiyo ni Kusadikika tena, yenye mitambo. Mtu ana ushahidi mkononi na wakubwa hawataki uangaliwe. Mtazamaji wa Mombasa, anayenunua maji kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni wiki ambazo mfereji umekauka, hahitaji kushawishiwa kuhusu vita vya maji. Kinachomkera ni lile baraza.

Wapo wanaosema kwamba kusoma habari za nchi mbovu kunakatisha tamaa, na kwamba vijana wangepewa hadithi za mafanikio. Hofu hiyo ina msingi pale mshtakiwa anapovunjwa kabla hajajitetea, kama katika kitabu cha Orwell cha mwaka 1949, ambamo chumba cha mateso ndicho kinachotoa neno la mwisho. Waandishi wetu, kwa kiasi kikubwa, hawakuifuata njia hiyo. Karama anasikilizwa na kushinda. Dzombo hafi. Okigbo, aliyekwisha kufa, anapata wakili. Unaweza kuwalaumu kwa kuwa na imani kupita kiasi katika nguvu ya maneno, na mimi mara nyingine nawalaumu. Abdilatif alisema ukweli mbele ya mahakama ya kweli akapelekwa gerezani, na Mkangi hakupewa hata mahakama. Pengo hilo kati ya kesi ya kitabuni na kesi ya mjini ndilo linalomrudisha msomaji. Kama mahakama zote zingekuwa zinasikiliza, sidhani kama mtu angejisumbua kupanda angani kutafuta nyingine.

Anayetaka kuanza, asianze na Nagona. Achukue Kusadikika, kitabu chembamba kinachomalizika kwa jioni mbili, na alisome lile baraza kwa sauti, sehemu za Majivuno na sehemu za Karama, ikiwezekana wawe wasomaji wawili. Kisha aende Walenisi, halafu Babu Alipofufuka. Riwaya ya Mazrui bado inamtaka msomaji ajue Kiingereza, na hapo nawaomba wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wamtafute mfasiri hodari, kwa kuwa Hamisi ni kijana wa pwani na kesi aliyopewa kuitetea inapaswa kusikilizwa kwa Kiswahili.